Mlio wa Chini ya Impala

Watu wa Maramba walisema pua ya gari lile ikifika sokoni, mkia bado uko msikitini. Luqmani mwenyewe, mtu wa kutia chumvi hata kwenye salamu, aliongeza kwamba akitaka kuligeuza ilibidi kwanza aombe ruhusa upande wa Kenya. Lilikuwa Impala ya bluu, gari la Kimarekani, ya mwaka ule yeye alipoanza darasa la kwanza. Alikuwa dereva wa greda miaka thelathini na moja, na alipostaafu, Harub, mwenye mashamba, akampa gari hilo kwa sababu lilikaa bandani kwake miaka kumi na mbili na kuku walishazoea kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Kwenda lilikwenda, lakini kwa mwendo wa bibi harusi. Kwenye kona lilijilaza ubavu mpaka abiria wa kulia akamkalia wa kushoto. Breki ukikanyaga leo, lilisimama kesho. Hakuna aliyejali, mpaka Shekhe alipouawa.

Shekhe, kwa jina si kwa cheo, alikuwa mdogo wake Luqmani, baba mmoja mama mmoja. Ijumaa ile wanaume wote walikuwa msikitini, na wezi wa mbuzi walilijua hilo: imamu akipanda mimbari, kijiji kinabaki na wanawake, watoto na mifugo. Shekhe alibaki nyumbani kwa homa. Noah nyeusi iliyong'olewa viti ikaingia uani kinyumenyume, wakashuka watu wawili wenye mapanga, wakaanza kurusha mbuzi ndani kama magunia. Shekhe akatoka na shoka, akaenda kusimama katikati ya njia.

Noah haikupunguza mwendo. Ilimpiga kifuani ikampitia. Mpaka hapo Semeni, mkewe, aliyekuwa mlangoni na upawa mkononi, angeweza kusema ni wizi na ukatili wa wezi. Lakini Noah ilisimama. Ikakaa kidogo, injini ikitoa mluzi mwembamba. Halafu ikarudi nyuma polepole, ikampitia tena mtu ambaye bado alikuwa anatamka shahada, ikasimama, ndipo ikaondoka zake.

Vijana wa bodaboda waliotoka mbio msikitini kuifukuza waliachwa kwenye kona ya pili. Polisi waliandika walichoambiwa. Gari halikuwa na namba, na dereva hakuna aliyemwona uso.

Semeni akaingia eda. Siku ya saba alimwita shemeji yake, akazungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, natoka eda baada ya miezi minne na siku kumi. Siku hiyo nataka kumwona aliyekuwa kwenye usukani. Usiniletee maiti. Nataka anijibu kwa nini alirudi nyuma."

 Luqmani akaenda bandani, akafukuza kuku waliokuwa ndani ya Impala.

Fundi aliyemwendea ni Ibrahimu wa Muheza, mwenye gereji nyuma ya soko la machungwa. Hakukuwa na mkono kama ule kuanzia Korogwe mpaka baharini. Alikuwa mpole, msafi, kofia yake ya kufuma haikuwahi kushika grisi, na Ijumaa hafungui gereji kutwa nzima, jambo ambalo watu walimsifia. Kwenye maziko ya Shekhe alishika jeneza. Kwenye arobaini alileta gunia la machungwa. Luqmani alipomweleza kwamba anataka Impala iweze kuikamata ile Noah, na siku aliyopewa na mjane, Ibrahimu alipangusa spana ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha akasema ataifanya.

Walilichinja gari lile kama ng'ombe wa Idi. Injini ya zamani iling'olewa kwa mnyororo ikadondoka chini na kumwaga mafuta meusi mpaka barabarani. Mahali pake ikaingia ya silinda sita yenye tabo ya kuisukumia hewa, iliyotolewa kwenye gari lililopondwa na lori. Lakini Ibrahimu alisema injini ni kelele tu, gari ni miguu. Akaondoa springi zilizolegea akaweka ngumu zilizokatwa kwa kipimo chake, akaweka shokapu mpya nne, bushi mpya kila kiungo, zile raba zinazozuia vyuma visigongane, breki za diski mbele na nyuma, na chuma kinene cha kuunganisha magurudumu ili mwili usilale kwenye kona. Mbele akachomelea kipande cha reli kiwe bampa, kwa ombi la Luqmani, ambaye alisema anataka kitu cha kusalimia.

Siku ya majaribio walikwenda wote wawili. Injini ikapiga mluzi, kama ule Semeni aliousimulia, na Luqmani nywele zikamsimama. Ibrahimu akamwambia kila lenye tabo hupiga mluzi, mzee, usishtuke. Mbele kidogo kukagonga kitu chini: tko. Ibrahimu akasimamisha gari hapohapo katikati ya barabara, akatoa kichwa dirishani, akarudi nyuma taratibu, akasikiliza, akasogea mbele, akasikiliza tena. Lori la nyuma likapiga honi mpaka likachoka. Yeye hakusikia kingine. Akasema ni bushi ya mkono wa gurudumu la kulia, wakarudi, akaibadilisha. Luqmani aliipenda tabia hiyo. Alikwenda kuisimulia kwenye kahawa.

Wiki ya mwisho wa eda Luqmani alieneza habari. Alisema mbuzi arobaini wa Harub watalala kwake Alhamisi na kuondoka Jumamosi. Akasema Ijumaa Impala itakuwa Tanga, inabeba bibi harusi. Aliyasema kwenye kahawa, akayasema kwa wauza machungwa, akayasema gerejini. Hakujua wezi ni nani, ila alijua maneno yake huwa yanafika mbali.

Ijumaa adhuhuri Impala ilikuwa nyuma ya nyumba ya Luqmani, imefunikwa makuti. Semeni, aliyeoga asubuhi ile na kuvua nguo za eda, alikuja akafungua mlango wa mbele, akaketi, akaweka spana ya magurudumu mapajani. Luqmani alimsihi ashuke. Semeni alifunga mlango.

Noah iliingia imamu akiwa kwenye hotuba ya kwanza. Luqmani aliwaacha wapakie mbuzi kumi ili iwe nzito, kisha akatoka ndani ya makuti kama nguruwe mwitu.

Wakashika barabara ya vumbi kuelekea Mabokweni. Kona ya kwanza, Impala ya zamani ingelala. Hii iliuma ardhi. Kona ya pili wakawa nyuma ya Noah urefu wa nyumba. Mlango wa nyuma wa Noah ukafunguka juu, na wezi wawili waliokuwa ndani wakaanza kurusha mbuzi. Wa kwanza alipasukia kwenye kile kipande cha reli, damu ikaruka mpaka kwenye paa. Wa pili alivunja kioo cha mbele akaingia mzima, akapita kati yao na kuketi kiti cha nyuma, kwa maelezo ya Luqmani, kama abiria aliyelipa nauli. Wa tatu walimkwepa. Ndipo mmoja akarusha panga. Lilimkata Luqmani sikio la kushoto likabaki linaning'inia, na yeye akaendelea kushika usukani akilalamika tu kwamba upepo unaingia.

Mbele kulikuwa na kona ya mkuyu, ile iliyokwishaua watu wengi kuliko surua. Noah ilipunguza. Luqmani akakumbuka maneno ya fundi, usiiogope, ikanyage, akakanyaga. Magurudumu yalilia, mwili haukulala, wakatoka upande wa pili wamegusana. Bampa la reli likaisalimia Noah. Mwizi aliyerusha panga akadondoka barabarani. Tairi la mbele la Impala likapanda juu ya kitu, la nyuma likafuata. Luqmani hakugeuka. Akagonga tena, na tena, na mara ya nne Noah ikakosa daraja, ikabingirika bondeni mara tatu. Luqmani husema saba.

Mwizi wa pili alikuwa amekufa, shingo imegeukia mgongoni. Dereva alikuwa hai, usukani umembana mapaja, mfupa mweupe umetoboa suruali. Kofia yake ya kufuma kwa mara ya kwanza ilikuwa chafu.

"Shikamoo, mzee Luqmani," alisema.

"Marahaba," mdomo wa Luqmani ukajibu kabla akili haijafika.

Akaketi chini kwenye majani. Alitazama mikono ile iliyofunga kila nati ya gari lake.

"Ulisema Impala iko Tanga," Ibrahimu akasema.

"Nilisema."

"Kona ya mkuyu. Ililala?"

"Haikulala."

Ibrahimu akafumba macho kama mtu aliyepewa maji. Luqmani akamuuliza kwa nini hakumpa gari bovu, naye alijua linamtafuta yeye. Ibrahimu akajibu kwamba alikaa na nati ya usukani mkononi asubuhi nzima akitaka kuiacha legelege. Mkono ulikataa.

Semeni alikuwa ameshateremka bondeni, viatu mkono mmoja, spana mkono mwingine. Akachuchumaa mbele ya dirisha lililovunjika mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mimi ni mke wa Shekhe. Kwa nini ulirudi nyuma?"

Ibrahimu alimtazama. Ilionekana anatafuta jibu jingine, analiokota, analiacha.

"Nilisikia mlio," akasema. "Chini, upande wa kulia. Nikadhani bushi imekatika. Nikarudi nyuma niusikie tena."

Mbuzi mmoja alikuwa analia ndani ya mabati. Semeni akaishika spana kwa mikono miwili.

"Ilikuwa bushi?"

"Haikuwa bushi."

Semeni akampiga spana ya sikio. Akampiga tena palepale. Luqmani alihesabu mpaka tano, halafu akatazama pembeni, huku sikio lake mwenyewe likimwaga damu shingoni. Alipotazama tena, Ibrahimu alikuwa bado anahema, na bodaboda zilikuwa zinashuka bondeni, kumi, kumi na tano, vijana wenye marungu, wengine wakiwa na petroli kwenye chupa za maji. Swala ilikuwa imekwisha. Hawakuuliza kitu. Mmoja alikuwa na tairi la zamani begani.

Luqmani angeweza kusema neno, na wangemsikiliza. Alimshika Semeni mkono, akamtoa spana mkononi, kidole kimoja kimoja, wakapanda barabarani.

Injini ya Impala iliwaka mara moja. Mbuzi aliyeingia kwa kioo bado alikuwa kiti cha nyuma, anatafuna ushungi wa Semeni. Kwenye kioo cha pembeni moshi mweusi ulianza kupanda kutoka bondeni, na sauti moja ikasikika, ndefu, kisha ikakatika.

Wakashika njia ya nyumbani. Walipokaribia mkuyu, yule mwizi wa panga alikuwa amelala pembeni, mtu keshamfunika kanga. Hapo ndipo ilipoanza, chini, upande wa kulia: tko. Kimya. Tko.

Mguu wa Luqmani ukaondoka wenyewe kwenye kanyagio la moto ukahamia breki. Gari likapunguza, likakaribia kusimama, na mkono wake ukawa juu ya gia, unataka ya nyuma. Semeni akageuka akamtazama, damu imemkaukia mpaka viwikoni.

Luqmani akarudisha mguu kwenye moto. Wakaenda na mlio ule mpaka nyumbani.