Mashine Mbili, Anwani Moja

Kurasa za kitabu cha shule zilikuwa zikikatikia njiani tangu mwanzo wa wiki. Zilitoka chumba cha wasanifu kwenda kwenye seva, kompyuta kuu ya kuhifadhi kazi, ambako mtambo wa kuchapa ulizichukua. Mara zilifika salama, mara zilikwama nusu, na hakuna aliyejua kwa nini. Mkurugenzi alimpa fundi wa mtandao mpaka adhuhuri. Akishindwa, afungashe virago.

Fundi huyo alikuwa mwanamke asiyependa kubahatisha. Alikwishabadilisha waya, akahamisha tundu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, akapima diski. Vyote vizima. Mkuu wa mtambo, mdogo wa mumewe, alisimama mlangoni na kikombe mkononi, akimweleza kila aliyepita kwamba kaka yake alioa cheti, hakuoa mke.

"Shemeji, si uiombee dua tu hiyo mashine? Kisomo chako kimegonga mwamba."

"Toka mlangoni, unaziba hewa."

Hakutoka. Fundi akaizima seva kabisa, kisha kwa kompyuta yake akaiita anwani ya seva hiyo, ile namba ambayo kila mashine ya mtandao hupewa ya peke yake. Mashine iliyozimwa haijibu. Hii ilijibu.

Akaiita tena, ikajibu tena, bila haya. Basi kulikuwa na mashine ya pili yenye anwani ileile, na kila ilipowashwa, kurasa zilianza safari kwenda kwa mwenyeji zikapotelea kwa mgeni.

Akachomoa nyaya kwenye swichi mmoja mmoja, macho kwenye kioo. Ulipotoka wa ukumbi wa mitambo, jibu likakatika. Aliufuata mpaka nyuma ya meza ya shemeji yake, kwenye kompyuta aliyoileta kutoka nyumbani na kuiwasha tu alipopanga rangi za majalada. Fundi akaagiza mkurugenzi aitwe.

Mkuu wa mtambo hakukana. Alisema aliinakili namba iliyobandikwa kwenye seva kwa kuwa ndiyo pekee aliyojua inafanya kazi.

"Nilikuomba yangu mara tatu, ukaniambia nipange foleni. Foleni ya mtu mmoja, shemeji."

Mkurugenzi akamuuliza fundi kama ni kweli. Neno "hapana" lingetosha. Hapakuwa na shahidi.

"Ni kweli," alisema. "Namba zilikuwepo. Sikutaka kumpa."

Mkurugenzi akasema sharti lilikuwa akishindwa, na hakushindwa, kwa hiyo kazi yake anayo. Ila ampe mwenzake namba yake papo hapo, yeye mkurugenzi akiona.

Kompyuta ya nyumbani ikazimwa, nyaya zikarudishwa, seva ikawashwa. Kurasa zikaanza kuingia kwenye mtambo mfululizo. Fundi akaitaja namba mpya mara moja, haraka, akiwa amempa kisogo.

"Rudia mwisho," shemeji yake akasema, kalamu ikining'inia hewani.

Akageuka, akarudia tangu mwanzo, polepole, tarakimu moja moja, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.