Mpini wa Mbao Nyekundu

Walimwita Tupa kwa sababu tupa ya kunolea haikumtoka mkononi. Mwanamke huyu alifua visu katika karakana iliyoshikana na chumba chake cha kulala, na wateja walizoea kumkuta mbele ya jiliwa, chuma kimebanwa ndani yake, naye akikikwangua na kuitikia salamu bila kuinua kichwa.

Siku moja mdogo wake wa kiume alimjia na mfuko. Huyo nyumbani aliitwa Asali tangu utotoni, kwa vile maneno yake yangeweza kumtoa nyoka pangoni. Mfukoni mlikuwa na kipande cha springi ya gari, vipande vya shaba vilivyopondwapondwa, na mbao mbili nyekundu, nzito, zilizopigwa randa zikang'aa.

"Dada, nataka kisu cha kumzawadia mkubwa wangu wa kazi," alisema. "Anapenda vitu vya mkono. Kitengeneze kama unajitengenezea mwenyewe."

"Mbao hizi umezitoa wapi?"

"Kwa seremala mmoja. Mabaki tu."

"Na mama?"

"Mama hajambo. Wifi yako anamlea kama yai."

Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja, na Asali ndiye aliyeng'ang'ania kumchukua. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mama hawezi kukaa penye moshi na vumbi la chuma ilhali ana mtoto wa kiume mwenye nyumba. Kila Jumapili Tupa alipokwenda kumwona, alimkuta ameketishwa sebuleni kwenye kochi, amevalishwa gauni la kutokea, amepuliziwa marashi mpaka mgeni anapiga chafya.

Basi akakianza kisu. Springi aliipasha moto hadi ikawa rangi ya chungwa bivu, akaifua, akaizima ndani ya mafuta. Shaba njano aliiyeyusha, akaifanya kizuizi kati ya makali na mpini, kidole kisije kikateleza. Mbao alizibana huku na huku juu ya mkia wa chuma, akazitia gundi, akazitoboa, akazishika kwa misumari ya shaba nyekundu na kuvifua vichwa vyake mpaka vikalala sawa na mbao. Alijua anatengeneza kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka mikononi mwake.

Alipofika kwenye msasa ndipo harufu ilipomjia. Vumbi jekundu lilimganda usoni kwa jasho, likamwingia puani. Alilamba midomo. Karafuu. Karafuu iliyochacha, imechanganyika na ule uvundo mtamu wa nywele za mtu. Tangu lini seremala akapaka mbao mafuta ya nywele?

Akaokota kipande kilichobaki, akakigeuza. Randa ilipita usoni tu. Ubavuni palibaki nusu ya ua lililochongwa. Ua hilo alilijua. Utotoni alikuwa akilipapasa kwa kidole mpaka usingizi umchukue, kwenye ubao wa kitanda cha mama, upande wa kichwani, pale mama alipoegemeza nywele zake zenye mafuta ya karafuu maisha yake yote. Na shaba ile ilikuwa vile virungu vya juu ya nguzo za kitanda.

Tupa alitema mate. Alisukutua, akatema tena. Ladha haikutoka. Alijiona kama aliyemtafuna mama yake bila kujua. Akaondoka vilevile, na vumbi lake usoni.

Wifi yake alifungua mlango nusu. "Wifi, ungetoa taarifa. Mama hajaandaliwa."

"Kwani mama ni mboga?"

Alimpita. Uvundo ulimpokea kabla hajafika chumba cha nyuma. Mama alikuwa sakafuni, juu ya godoro la sponji lililogeuka rangi ya chai na kulowa pembeni. Chakula kilikuwa kimeganda kwenye sahani, inzi wakitembea juu yake bila haraka, kama wenye nyumba. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia gauni la Jumapili, limepigwa pasi, linanukia marashi.

Alipomgeuza mama ubavu, shuka ilikuja pamoja na ngozi. Kiunoni palikuwa na kidonda kinachotoa usaha. Matapishi yalimpanda Tupa kooni. Akayameza, mama asimwone.

"Kitanda kiko wapi, mama?"

"Asali alikihitaji," mama alisema. "Usimpigie kelele, mwanangu. Ana mambo mengi."

Tupa aliita teksi, akambeba mama kifuani kama mtoto. Wifi alimfuata hadi mlangoni, kiganja puani. "Sasa watu watasemaje?"

"Watasema wananusa."

Kesho yake Asali alikuja karakanani. Mama alikuwa ameshaogeshwa, amelazwa kitandani kwa Tupa, mlango wa chumba uko wazi. Asali alichungulia, akatoa kitambaa, akajifanya anafuta pua.

"Dada, hasira hasara," alisema taratibu. "Kitanda kilikuwa kuukuu. Mkubwa akikishika kisu hicho, mimi napanda cheo, na mama anapanda nami. Kiko wapi?"

Alitabasamu. Tupa alilitazama tabasamu hilo kama mtu aliyekuta funza ndani ya tunda alilokwisha kuliuma.

"Mpe mwenzako kisu chake," mama aliita kutoka chumbani. "Mmetoka tumbo moja."

Tupa alikitoa kisu. Kilikuwa kizuri bado, na uzuri huo ndio uliomchefua zaidi. Akakibana kwenye jiliwa. Alikata vichwa vya misumari kwa tupa, akaisukuma nje mmoja mmoja, akaingiza tindo kati ya mbao na chuma. Gundi ilikuwa imeshika. Mbao moja ikapasuka katikati. Kizuizi cha shaba alikikata kwa msumeno. 

"Springi ni yako," Tupa alisema, akimpa chuma kitupu. "Angalia usijikate. Hakina mpini."

Asali alikipokea kwa vidole viwili, akaenda zake bila kumuaga mama.

"Umemwaibisha mtoto wangu," mama alisema, akaanza kulia.

 Tupa alihisi kinyaa kikimgeukia hata mama mwenyewe, akakikemea, hakikutii. Alibandika maji motoni, akatia chumvi, akakata kitambaa safi, kisha akaingia chumbani kusafisha kidonda. Kazi hiyo ilimtia kichefuchefu kila asubuhi, na kila asubuhi aliifanya, akipumua kwa mdomo. Kidonda kilichelewa sana kufunga. Mama aliendelea kuuliza kama Asali amepita, na Tupa aliendelea kumwambia kwamba bado.