Kadi ya Chiriku

Maktaba yetu imekuwa duka la magodoro. Nje mwaka wa ujenzi bado umechongwa juu ya mlango. Ndani, palipokuwa na rafu, magodoro yamesimama na nailoni zao. Mimi ndiye ninayepanguza vumbi.

Jumatatu asubuhi bosi aliniambia, "Binti, lile kabati la droo kesho linakwenda kwa fundi. Makaratasi yake choma leo."

Makaratasi yale ni kadi za waazimaji wa vitabu. Marehemu mama aliwahi kuazima hapa usichanani, na kila mwazimaji alijiandikia kadi kwa mkono wake. Nyumbani hatuna mwandiko wa mama hata mstari mmoja. Nikaomba nitafute kwanza.

"Tafuta, lakini mteja asisubiri."

Nikatafuta jina lake, hakuna. La babu, hakuna. Saa sita nikakimbilia kwa mkutubi mstaafu, nyumba ya nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Godoro ninalo, mwanangu, usinibembeleze."

Nilipomweleza akacheka mpaka akakohoa. "Mji huu nani anajulikana kwa jina la cheti? Kadi nilizipanga kwa majina ya utani! Mkaguzi akanigombeza, nikamwambia basi zipange wewe. Mama yako tafuta Chiriku."

"Chiriku? Mama?"

"Mdomo wake haukujua Jumapili. Mara ngapi nimemtoa nje kwa kelele!"

Mama niliyemjua mimi alijibu kwa kutikisa kichwa. Wapangaji wenzetu walidhani ni bubu.

Kadi niliiona kwenye droo ya C. Mwandiko umelala upande, kama mtu anayekimbia. Vitabu kumi na tisa kwa mwaka mmoja, halafu mihuri inakoma. Mwezi ule naujua: ndio alioolewa.

Nikakaa kwenye godoro la maonyesho, jambo tunalokatazwa. Nilimtaka mama yangu, nikapewa msichana nisiyemjua, na mwenyewe wa kumuuliza alikuwa akipiga kelele za nini hayupo.

Kadi yake nikaitia kifuani. Nyingine nilizichoma uani, droo baada ya droo, nikizisoma kwanza: Kobe, Bwana Kesho, Mama Haraka, Kifimbo. Mpaka saa kumi hakuna mtu aliyekuja kuulizia hata moja.