Mbika Zilizopita Motoni

Mapendo alikuwa ameketi uani akimenya mbika, zile mbegu za maboga, za kuuza sokoni, aliposikia hodi ya mtu asiyemjua. Mbele yake alisimama mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, viatu vimejaa tope.

"Karibu, dada. Unatoka wapi?"

"Naitwa Claudette, mama. Tulikimbia vita kule Burungu. Batu ba kanisa banatupatia kashamba huku Walikale. Banasema mbegu yako ya mbika njo muzuri. Nakuomba kidogo, nipande."

Neno hilo, nakuomba, lilimbana Mapendo. Mbika za kula huuzwa, lakini mbegu ya kupanda, kwao, haiuzwi, na aombaye hanyimwi. Mama yake aliiomba kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto Lowa, na yule aliiomba kwa mwingine, hadi kusikokumbukwa na mtu. Lakini Claudette akivuna, si atauza pia? Tena msimu huu mbegu ilibaki kibuyu kimoja tu, juu ya moshi wa jiko. Nyingine zote Mapendo alikwisha kuzipitisha motoni ili maganda yapasuke upesi.

Akachota mkono mmoja wa zile za motoni. Mwanamke wa Walikale angeng'ata moja na kujua kuwa haitaota. Mtu wa milimani kama huyu angejuaje?

"Shika. Na zisipoota, nitakuja kukupandia kwa mkono wangu." Alisema hivyo ili mgeni aende na imani.

"Mungu akubariki, mama. Boga la kwanza njo lako."

Jioni ile Gustave, mumewe, alifungua jani lililofukizwa, lenye mbika zilizotwangwa pamoja na uyoga na pilipili.

"Hii ingekuwaka muntu, ningeioa!"

Mapendo hakucheka. Alimsogezea jani lote.

Majuma yakapita. Jumapili moja, nje ya kanisa, Claudette alimkimbilia.

"Haijaota hata moja, mama. Miye njo nilikosea, nilizika chini sana. Sisi ba mulima tunajua maharagi tu!" Akacheka, akijitania. "Ao mbegu ya huku imeona miye si wa huku."

Afadhali angetukana. Kicheko kile kilimfuata Mapendo hadi nyumbani, kikakaa naye jikoni.

Asubuhi alikiteremsha kibuyu.

"Na shamba letu?" Gustave aliuliza.

"Tutapanda maharagi."

"Maharagi haiko mbika, Mapendo. Soko tutapeleka nini?"

"Najua. Lakini niliahidi."

Alimkuta Claudette akipalilia udongo mtupu. Hakungoja kuamkiwa.

"Dada, hukukosea. Mbegu nilizokupa nilikuwa nimezipitisha motoni. Nilijua haziwezi kuota."

Claudette aliliweka jembe chini. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akafunga kitenge upya, polepole mno.

"Na hizi?"

"Ng'ata."

Claudette aling'ata moja, akaitema kiganjani, akaitazama. Kisha akainua jembe na kuanza kuchimba.

Walipanda kando ya magogo, ili mashina yapate pa kutambaa. Claudette alichimba, Mapendo akadondosha mbegu. Walipofika gogo la mwisho, Mapendo alikitikisa kibuyu sikioni. Hakikulia tena. Akainama, akafukia shimo kwa kiganja, juu juu tu, mbegu isizame.