Mgunga wa Nakuleu

Nimefunzwa kilimo mara nyingi kuliko nilivyolima. Mwaka wa mipira ya kumwagilia kwa matone nilikuwepo. Mwaka wa mabwawa nilikuwepo, na samaki walikufa kabla wageni hawajapiga picha. Mwaka wa kulima kwenye magunia pia nilikuwepo. Kila mara tulipewa cheti na kofia, gari likaondoka, vumbi likabaki. Wengine husahau. Mimi sisahau.

Kaka yangu Bruno ni mkalimani wa mashirika hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kalobeyei.

"Josiane, kazi za kivulini zipo," huniambia. "Unang'ang'ania jembe jangwani kama nani?"

"Kama mama yako. Kule kwetu Ngozi ulikula nini, ukalimani?"

Mwaka huu alikuja Ekeno, ofisa wa mradi kutoka Lodwar, akatuonyesha ardhi ukingoni mwa laga, ule mto wa mchanga unaojaa mvua inaponyesha tu. Alileta na pampu. Akasema kwa Kiingereza, Bruno akatafsiri: "Ardhi hii haina mwenyewe."

Mimi nikapata kipande chenye mgunga mkubwa katikati. Nikapanda kunde, nikazungusha ua wa miiba. Kunde za juani zikashika vizuri. Za chini ya mti zikarefuka na kupauka kama vidole vya mgonjwa. Kwetu, mti ukilitia shamba kivuli, unaupunguza, wala humwulizi mtu. Nikaukwea na panga, nikateremsha matawi ya upande mzima, yamejaa maganda mabichi, nikazibia nayo mianya ya ua. Hata nilijisifu.

Kiangazi kilipokaza akaja Nakuleu. Mwanamke wa rika langu, shanga mpaka kidevuni, mbuzi nyuma yake, mkononi fimbo ndefu ya kuangushia maganda. Alisimama nje ya ua akatazama juu. Hata ejok, salamu yao, hakunipa.

"Nani alikata?"

"Mimi. Ni shamba langu."

"Shamba, sawa. Mti?"

"Mti uko shambani."

"We mama ya kunde, ukilala kwa nyumba ya mtu, unakuwa bibi yake? Huyu mti ilikuwa ya mama ya bwana yangu. Akanipa mimi. Kiangazi mbuzi yangu inakula maganda ya hapa. Sasa itakula nini, hiyo kofia yako?"

Nilikwenda kwa Bruno mbio. Akasema ndiyo, migunga ya kando ya laga ina wenyewe, kila familia na yake, hata mtoto wa Kiturkana anajua.

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Na siku ile ukitafsiri kwamba haina mwenyewe?"

"Mimi natafsiri, dada. Sisahihishi."

Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikazungushwa, nikakipata, nikafika Lodwar. Ekeno alikuwa chini ya feni. Nikamwambia sitaki kingine: tukae yeye, mimi na Nakuleu, mimi nibaki na kunde zangu, na msimu wa maganda ua nifungue, mbuzi wapite.

"Madam, sisi hatutaki mgogoro."

"Hakuna mgogoro. Kuna mti. Bwana Ekeno, wewe ni Mturkana. Mama yako hana mti?"

Aliitazama simu yake, nayo haikuwa imelia.

"Anao," akasema. "Lakini mradi ulipangwa Nairobi."

Wiki iliyofuata watu wa mradi wakaja kuichukua pampu, ati mpaka mashauriano yakamilike. Kunde zilikuwa ndiyo kwanza zimetoa maua. Dereva akaniachia kofia mpya.

Nikabeba maji kwa jerikeni kutoka bombani. Majirani wakanipigia kelele kwamba namwaga maji ya kunywa mchangani, na walisema kweli. Majani yakaanza kujikunja. Asubuhi moja nikaivuta miiba ya ua kwa mikono yangu, nikamwita Nakuleu.

"Ingiza mbuzi."

"Zote?"

"Zote. Kabla kunde hazijakauka. Ni badala ya matawi yako."

Mbuzi walimaliza shamba langu chai haijachemka. Nilisimama nimeushika mpini wa jembe kwa nguvu kiasi cha kuuvunja. Nakuleu alichuma jani moja kabla mbuzi hajalifikia, akalitafuna taratibu.

"Tamu," akasema. "Unajua kulima wewe. Kukata ndiyo hujui."

Nikalilaza jembe chini. Akalitazama.

"Laga ikijaa, ikishuka, sisi wamama tunapanda mtama kwa tope. Sehemu yangu ni kubwa. Kuja na jembe. Hiyo panga uache kwa nyumba."

"Laga itajaa lini?"

Alicheka mpaka shanga zikatikisika, akawapigia mbuzi mluzi.

"Uliza Lodwar."