Mistari Minne ya Mama Mpiga Pasi

"Watazamaji wanaanza kukohoa ubeti wa tatu," Hollis alisema bila kumtazama. "Na watu wakikohoa, mzee wangu, wimbo umeshakufa. Tuuzike tu."

Walter Pruszynski ndiye aliyeutunga wimbo huo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na tamthilia zake tatu za nyimbo zilikuwa zimefungwa kwenye kumbi za Broadway, New York, kabla hazijamaliza wiki. Miaka yote hiyo riziki yake ilikuwa kuwapigia piano watoto wa shule ya dansi huko Queens. Hii ya nne ilikuwa Philadelphia kwa majaribio. Ikipendwa, ingekwenda New York. Isipopendwa, nani angempa ya tano? Na wimbo ambao Hollis, mwongozaji, alitaka kuuondoa ndio uliomfanya aandike yote: mama yake, dobi wa Kipolandi, akipiga pasi shati la mume aliyekufa.

Akaomba apewe muda hadi onyesho la Jumamosi mchana. Hollis akakubali, ila akamwambia kwamba baada ya hapo hakuna tena mjadala.

Jumatano mchana Walter aliketi safu ya mwisho, katikati ya watazamaji. Rosalind, aliyeigiza mama, alishika pasi akaimba. Aliimba vizuri. Ulipofika ubeti wa tatu, kikohozi kikaanzia kushoto, kikaitikiwa kulia. Bibi mmoja kando ya Walter akaanza kufungua pipi.

Wakati wa mapumziko Walter akamuuliza bibi huyo, kama mtu asiyehusika, iwapo wimbo ule ulimchosha.

"Haukunichosha, mwanangu. Ila yule mama anaongea mno. Mimi nilipofiwa na wangu nilipiga pasi mashati yake yote, na sikusema neno. Ningesema nini, na nani?"

Kipindi cha pili Walter hakukiona. Aliketi kwenye ngazi za ukumbi, karatasi gotini, akaanza kukata. Mistari ishirini na minne; mingine ilikuwa imemla majira mazima ya baridi. Akaukata wa maua. Akaukata wa mvua, aliojivunia kuliko yote. Ilipobaki minne, akaweka kalamu chini.

Rosalind alipopewa karatasi aliigeuza kutazama kama nyuma kuna mistari zaidi. "Na muziki unaobaki nifanye nini?"

"Piga pasi."

Jumamosi aliimba mistari minne, akanyamaza. Fidla zikaendelea zenyewe. Akanyoosha kola, akaja kwenye mkono mmoja wa shati, kisha wa pili, taratibu, kama mtu asiye na mahali pa kwenda. Ukumbi wa watu mia nane ulitulia hata pasi ikasikika ikiteleza juu ya kitambaa.

"Wimbo unabaki," Hollis alinong'ona.

Walter hakumsikia. Kule jukwaani Rosalind alikuwa amelishika shati mabegani, kama analipima mwilini mwa mtu, na midomo ikiwa imefumbwa ameanza kuvumisha sauti ambayo hakuna aliyeiandika. Kiongozi wa wapiga ala aliinua kichwa. Akawanyooshea kiganja wapiga fidla, nao wakashusha nyuta zao, wakangoja.