Nafasi Tisa za Ilene

Ilene Prusak alikuwa mwigizaji wa akiba, na kwa miaka saba kwenye jumba moja la maonyesho la Broadway, pale Mtaa wa Arobaini na Tano, hakuwahi kuwa na nafasi yake mwenyewe. Alikuwa nazo tisa, zote za wenzake. Mcheza dansi akishikwa na mafua, Ilene. Mama wa shujaa akikwama kwenye treni, Ilene. Aambiwe asubuhi kwamba jioni atakuwa mtawa, jioni utamkuta mtawa, na wimbo hakosei hata neno.

Nafasi ya tisa ndiyo iliyomnyima usingizi: ya shujaa mwenyewe. Onyesho lilitokana na filamu ya zamani, na siku hizi Broadway ni lipi lisilotokana na filamu? Hadithi mpya huwatia wenye fedha homa. Wao wanataka jina ambalo watu walishalijua kabla hawajatoka nyumbani, na juu yake nyota wa televisheni, wiki kumi na tano, ahsante, kwaheri. Nyota wa safari hii, Kaylin Voss, alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi. Ilene aliitaka nafasi ile mpaka akajionea aibu.

Jumatano Kaylin akapoteza sauti, na onyesho la mchana likawa la Ilene. Wengine walirudisha tiketi zao pale pale dirishani. Waliobaki walikaa wamekunja mikono na kununa. Ilene akaimba. Kufikia wimbo wa tatu mikono ilishakunjuka, na mwishoni ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Nyuma kabisa alimwona mwongozaji, Desmond Fairley, akifuta machozi.

Pazia liliposhuka, Fairley akamfuata chumbani kwake.

"Ilene mpenzi, umeniliza!"

"Basi nipe."

"Nikupe nini?"

"Usijitie hamnazo, Desmond. Nafasi ya Kaylin."

Fairley akatazama viatu vyake. "Tumeshapata mtu. Yule binti wa video za mapishi. Ana wafuasi milioni sita."

"Anajua kuimba?"

"Si utamfundisha wewe? Nani mwingine anaijua nafasi hiyo hivyo?" Akashusha sauti. "Halafu tuseme ukweli, mpenzi. Nikikupa hiyo moja, zile nane nimpe nani? Huna mbadala."

Mfinyanzi hulia gaeni, lakini huyu hata gae lenyewe alinyimwa. Angekuwa mzembe kidogo, ajue nafasi moja tu na nyingine zimshinde, pengine wangempa hiyo moja. Bidii yake ndiyo iliyomfunga. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka.

"Usiniite mpenzi," akasema. "Na kazi naacha. Leo hii, si mwisho wa mwezi."

Alikusanya vitu vyake taratibu, akiwaaga watu mmoja mmoja. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma, koti mwilini, pale Odessa, msimamizi wa jukwaa, alipomjia mbio.

"Ilene! Sauti ya Kaylin imerudi, lakini Marit ameteleza kwenye ngazi, mguu umeteguka. Pazia la jioni ni baada ya dakika kumi na mbili!"

"Nimeacha kazi, Odessa. Muulize bosi wako."

"Bosi mwache huko huko. Teo anajirusha kinyumenyume kutoka juu ya meza, dada, na wanaomdaka ni sita. Sasa wako watano."

"Mwambieni asiruke."

"Muziki ule wote umejengwa juu ya kuruka kwake, unajua mwenyewe. Na umjuavyo Teo, ataruka tu."

Ilene akamlaani Fairley, akazilaani ngazi, akamlaani Marit na mguu wake, kisha akajilaani mwenyewe kwa kirefu. Akavua koti.

Mtu akibadilishwa, desturi ni kuchapa kikaratasi chenye jina la aliyeshika nafasi na kukitia ndani ya kitabu cha onyesho. Jioni ile muda wa kuchapa haukuwepo, na kitabuni likabaki jina la Marit. Teo akaruka, mikono kumi na miwili ikamdaka, na watu elfu moja na ushei wakasimama kumshangilia yeye, na Marit.